WYRD: MAANA NA ASILI YA NENO MOJA LA KIINGEREZA CHA KALE

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala hii ni kuchunguza maana na asili ya neno wyrd, lililotumika katika Kiingereza cha Kale, yaani Kiingereza kilichosemwa na kuandikwa kabla ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, na kwa muda mfupi baada ya hapo. Kamusi nyingi ndogo hulieleza neno hili kwa neno moja tu lenye maana ya majaliwa ya mwanadamu. Tutajaribu kuonyesha kwamba maelezo hayo hayatoshi.

Huenda msomaji wa jarida la lugha za Kiafrika akauliza: neno hilo latuhusu nini? Latuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, uzao wa neno hili umo ndani ya tamthilia ya Shakespeare iitwayo Macbeth, ambayo S. S. Mushi aliitafsiri kwa Kiswahili ikatolewa mwaka 1968 kwa jina la Makbeth. Yeyote anayeifundisha au kuifasiri tamthilia hiyo hana budi kuamua wale wanawake watatu wanaokutana na Macbeth ni watu wa namna gani, na uamuzi huo hutegemea neno hili. Pili, Kiswahili nacho kina msamiati mpana wa mambo yampatayo mtu bila ya kutaka kwake: ajali, kudra, majaliwa, nasibu, bahati. Maneno hayo yana asili ya Kiarabu au Kiajemi, na kwa sababu hiyo husikika hoja kwamba fikra yenyewe ililetwa na wageni. Historia ya wyrd yatuonyesha udhaifu wa hoja ya namna hiyo.

Dai letu ni hili: asili ya neno hutueleza njia lililopita, lakini haituamulii maana yake mahali fulani. Maana hupatikana kwa kuangalia jirani za neno katika sentensi, na kazi ambayo wasemaji wamelipa.

2. Umbo na asili ya neno

Wyrd ni nomino ya jinsi ya kike. Irabu yake ilitamkwa kwa ulimi wa i na midomo ya u, sauti ambayo Kiswahili hakina. Wataalamu hulirejesha neno hili kwenye umbo *wurdiz la lugha mama ya jamii ya Kijerumaniki. Irabu i iliyokuwa katika kiishio iliivuta irabu u ya shina mbele mdomoni, ikawa y. Kisha kiishio chenyewe kikadondoka. Mwanafunzi wa Kiswahili atakumbuka usawazishaji wa irabu katika pigia na semea, ambapo irabu ya shina ndiyo iongozayo kiambishi kinachofuata. Katika neno letu mambo yalikwenda kinyume: kiishio ndicho kilichoongoza shina, kisha kikatoweka na kuacha alama yake nyuma.

Nomino hii ina uhusiano na kitenzi weorðan, chenye maana ya ‘kuwa’ au ‘kutokea’. Herufi ð katika neno hilo ilitamkwa kama dh ya dhahabu. Katika wakati uliopita, wingi, kitenzi hiki huwa wurdon, ‘walikuwa’, chenye d badala ya ð, na d hiyo ndiyo iliyomo katika wyrd. Badiliko la namna hii, linalotokana na mahali pa mkazo wa zamani, lilielezwa na Karl Verner wa Denmark katika miaka ya 1870. Kwa hiyo, kwa kufuata umbo lake, wyrd ni ‘jambo linalokuwa’ au ‘jambo lililotokea’. Ndugu zake ni wurd katika Kisaksoni cha Kale, urðr katika lugha ya kale ya Skandinavia, na kitenzi werden cha Kijerumani cha leo, ambacho bado kina maana ya ‘kuwa’.

Nyuma zaidi kuna mzizi *wert- wa lugha mama ya Kihindi-Kiulaya, wenye maana ya ‘kugeuka’. Kilatini kina vertere, na Kisanskriti kina vartate. Hatua ya kutoka ‘kugeuka’ hadi ‘kuwa’ si ngumu kwetu kuielewa, maana sisi wenyewe husema maji yamegeuka barafu, tukimaanisha kwamba yamekuwa barafu.

Hapa ndipo penye mtego wa kwanza. Wako waliodai kwamba, kwa kuwa mzizi wa wyrd ni ‘kugeuka’, basi Waingereza wa kale waliwaza juu ya gurudumu au pia ya kusokotea nyuzi kila walipolitaja neno hili. Lakini msemaji wa karne ya 9 hakuwa na habari ya mzizi *wert-. Alichokuwa nacho ni weorðan, na weorðan katika lugha yake ilikuwa na maana ya ‘kuwa’. Umbali kati ya mzizi na msemaji huyo ni maelfu ya miaka, na hatuna ruhusa ya kumbebesha fikra za mababu asiowajua.

3. Wyrd katika nathari

Ushahidi wa mapema unapatikana katika orodha za maneno ya Kilatini zilizofafanuliwa kwa Kiingereza cha Kale, ambazo kongwe yao ni ya kadiri ya mwaka 700. Humo neno wyrde, ambalo ni wingi, limewekwa kufafanua Parcae, yaani wale wanawake watatu ambao Warumi waliamini kwamba husokota na kukata uzi wa maisha ya mwanadamu. Wyrd limetumika pia kufafanua fortuna na fatum. Tukikomea hapo, tutaona kwamba neno hili ni jina la nguvu ya kutisha iamuayo maisha ya watu.

Lakini nathari ina mengine. Mtawa Ælfric, aliyeandika mwishoni mwa karne ya 10 na mwanzoni mwa karne ya 11, analo neno wyrdwritere, ‘mwandishi wa wyrd’. Mtu huyo si kahini wala mpiga ramli. Ni mwanahistoria, mtu anayeandika mambo yaliyopita. Hapa wyrd ni ‘tukio’ tu, na msisitizo uko katika yaliyokwisha kutokea, si katika yatakayokuja. Neno gewyrd, ambalo ni wyrd lililoongezewa kiambishi awali, nalo hutumika kwa maana ya tukio.

Ushahidi mzito zaidi ni tafsiri ya kitabu cha Boethius juu ya faraja ya falsafa. Boethius alikuwa Mrumi wa cheo aliyefungwa gerezani, kisha akauawa mnamo mwaka 524, na kitabu hicho alikiandika akiwa kifungoni. Tafsiri yake ya Kiingereza cha Kale kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa kazi ya Mfalme Alfred, aliyetawala kuanzia 871 hadi 899. Tangu mwaka 2007 Malcolm Godden amelitilia shaka dai hilo, lakini jina la mfasiri si kitu katika hoja yetu. La muhimu ni kwamba mfasiri huyo alikuta neno fatum katika Kilatini, akaliwekea wyrd, kisha akaona haja ya kulifafanua. Yaliyomo katika nia ya Mungu kabla hayajatendeka, anasema, ni mawazo yake ya tangu awali; yakisha kutimizwa, ndipo tunapoyaita wyrd. Kwa maneno mengine, wyrd ni jina la jambo lile lile likiwa limefika duniani.

Hata mfano wa kitabu cha Kilatini ameubadilisha. Boethius alitaja miviringo inayozunguka kituo kimoja. Mfasiri ameleta gurudumu la gari la kukokotwa, lenye ekseli, njiti na ukingo. Ekseli imetulia wakati gurudumu likizunguka. Na watu walio karibu na ekseli, yaani karibu na Mungu, hawarushwi sana na wyrd kama wale walio ukingoni. Mtu anaweza kusema: je, si gurudumu hilo lile mlilolikataa hapo juu? Hapana. Gurudumu hili halikutoka katika mzizi wa neno. Limetokana na mfano wa Boethius, nalo limeletwa ili kufundisha fundisho la Kikristo.

Ælfric naye alikwenda mbali zaidi. Katika mahubiri yake ya sikukuu ya Epifania alikataa kabisa kwamba kuna gewyrd yoyote inayotawala watu, isipokuwa Muumba Mwenyezi anayempangia kila mtu maisha kulingana na anavyostahili. Tunaona, basi, kwamba kwa mwandishi mmoja huyu familia hii ya maneno ina maana ya historia isiyo na ubaya wowote, na pia maana ya imani potovu inayopasa kukanushwa. Kamusi ya neno moja haiwezi kuyabeba yote mawili.

4. Wyrd katika ushairi, na suala la upagani

Watu wengi hukutana na neno hili kwanza katika ushairi. Mwandishi wa makala hii, alipokuwa akisomea shahada ya pili ng’ambo, aliona jinsi wanafunzi walivyofundishwa kulitafuta kwanza katika Beowulf, utenzi wenye mistari 3182 uliohifadhiwa katika hati moja tu ya kadiri ya mwaka 1000, na katika shairi liitwalo The Wanderer, lililomo katika hati ya karne ya 10 ambayo Askofu Leofric aliliachia kanisa la Exeter. Katika mashairi hayo wyrd ni nzito: huja, huchukua watu, hufagia jamaa nzima.

Kutokana na vitenzi hivyo, wataalamu wengi wa karne ya 19 waliamini kwamba Wyrd alikuwa mungu wa kike wa Waingereza kabla ya Ukristo. Jacob Grimm, katika kitabu chake cha 1835 juu ya dini za kale za Kijerumaniki, alimweka pamoja na Urðr, mmoja wa wanawake watatu wa majaliwa wanaosimuliwa katika fasihi ya Iceland. Hoja hiyo ilivutia watu wengi, kwa sababu waliokuwa wakiitafuta Ulaya ya kipagani walitaka kuiona hata katika hati zilizonakiliwa na watawa.

B. J. Timmer, mwanzoni mwa miaka ya 1940, na E. G. Stanley, katika makala zake za 1964 na 1965 zilizotolewa baadaye kuwa kitabu mwaka 1975, waliichambua hoja hiyo wakaonyesha kasoro zake. Sisi tungependa kutaja mbili. Ya kwanza ni ya wakati. Kitabu cha Snorri Sturluson kinachowaeleza wanawake hao kiliandikwa Iceland kadiri ya mwaka 1220, zaidi ya miaka mia tano baada ya orodha za kwanza za Kiingereza. Udugu wa maneno haufanyi imani kuwa moja, na mtu aliyefafanua Parcae kwa wyrde alikuwa akitafuta neno la kuwaelezea wasomaji hadithi ya Kirumi. Hakuwa akitoa ushahidi juu ya ibada za Waingereza.

Kasoro ya pili ni ya sarufi, nayo yatugusa sisi zaidi. Kitenzi fornam, ‘ilitwaa’ au ‘iliangamiza’, ambacho hufuatana na wyrd, hufuatana pia na vita na mauti. Katika Beowulf vita huwatwaa watu kama vile wyrd inavyowatwaa. Sasa, Mswahili akisema njaa imewamaliza, au mauti yamemchukua, je, tutaandika kwamba Waswahili wanamwabudu mungu aitwaye Njaa? Hiyo ni kawaida ya lugha: nomino ya jambo huwekwa mahali pa mtenda. Zaidi ya hayo, mshairi wa Beowulf anasema mahali pamoja kwamba Mungu, pamoja na moyo wa ushujaa wa mtu, viliizuia wyrd isiwaue watu zaidi. Jambo linaloweza kuzuiwa na Mungu na shujaa si mtawala wa wote.

Hatusemi kwamba Waingereza wa kale hawakuwa na imani zao kabla ya Ukristo, walikuwa nazo. Tunasema kwamba neno hili peke yake haliwezi kuzithibitisha.

5. Safari ya neno baada ya mwaka 1066

Baada ya Wanormani kushika utawala, Kiingereza kilipokea maneno mengi ya Kifaransa na Kilatini. Katika uwanja huu yaliingia destiny, fortune na fate. Wyrd, lililoandikwa sasa werd au weird, lilisukumwa pembeni, likaendelea kuishi hasa kaskazini mwa Uingereza na Scotland. Chaucer, mwishoni mwa karne ya 14, aliwahi kulitumia kwa wingi akiwataja wanawake wa majaliwa. Gavin Douglas wa Scotland, aliyemaliza kuitafsiri Aeneid ya Virgil mwaka 1513, aliwaita Parcae ‘madada wa weird’. Msemo huo ulifika katika historia ya Holinshed iliyotolewa mwaka 1577, na kutoka humo Shakespeare aliuchukua alipoandika Macbeth kadiri ya mwaka 1606.

Katika chapa ya 1623, ambayo ndiyo ya kwanza ya tamthilia hiyo, neno hili limeendelezwa weyward na weyard, dalili kwamba huenda wapiga chapa hawakulifahamu vizuri. Lewis Theobald ndiye aliyelirudisha kuwa weird katika chapa yake ya 1733. Kufikia wakati huo wasomaji wa kusini hawakulijua tena kama nomino. Waliliona limesimama mbele ya madada watatu wenye sura za ajabu, wakakisia kwamba ni kivumishi chenye maana ya kuogofya. Washairi wa mwanzo wa karne ya 19 walilieneza kwa maana hiyo, na leo weird kwa Mwingereza wa kawaida ni kitu cha ajabu tu, hata kama ni kofia. Maana mpya ilitokana na jirani wa neno katika msemo mmoja.

6. Wyrd na msamiati wa Kiswahili

Tukitaka kulifasiri neno hili kwa Kiswahili, tutakuta maneno kadha mlangoni. Tuyapime moja moja.

(a) Majaliwa. Neno hili limetoka katika jaalia, lenye asili ya Kiarabu, na limebeba -w- ya kauli ya kutendwa. Kauli hiyo huacha nafasi ya mtenda, na kila Mswahili anajua ni nani aliyejaalia. Weorðan ni kitenzi kisicho na mtenda wa namna hiyo. Kwa hiyo tukiandika majaliwa kila mahali, tutakuwa tumemwingiza Mungu kwa mlango wa sarufi hata pale ambapo mshairi hakumtaja.

(b) Kudra. Asili yake ni ‘uwezo’, na matumizi yake, kama katika kwa kudra za Mwenyezi Mungu, huufungamanisha uwezo huo na mwenyewe. Tatizo ni lile lile.

(c) Nasibu na bahati. La kwanza kwa Kiarabu ni ‘fungu’. La pili lina asili ya Kiajemi. Yote mawili kwa Kiswahili huelekea upande wa kubahatisha. Wyrd haina mchezo huo.

(d) Ajali. Kwa Kiarabu ni ‘muda uliowekwa’, hasa muda wa mtu kufa. Kiswahili kililipokea kwa maana hiyo, nayo bado yasikika katika methali ajali haina kinga. Lakini leo neno hili hutumika zaidi kwa magari yagonganayo barabarani. Hapa ajali na weird wamepita njia zinazofanana: neno la majaliwa limeshuka likawa la jambo la ghafla au la ajabu. Anayesema ajali ya barabarani hafikirii muda uliowekwa, kama vile asemaye weird hamfikirii msokota nyuzi.

(e) Tukio. Kwa umbo, hili lafanana sana na wyrd: nomino iliyotokana na kitenzi kisicho na mtenda, tukia. Lafaa vizuri kwa nathari ya wanahistoria. Kwa ushairi ni jepesi mno.

(f) Liwalo. Katika msemo liwalo na liwe tunalo umbo lenye li- ya ngeli, kitenzi -wa, na -lo ya urejeshi, bila kiambishi cha wakati. Si lililokuwa wala litakalokuwa. Ni jambo katika kuwa kwake. Hakuna mtenda, na kitenzi ni ‘kuwa’, ndugu wa weorðan kwa maana ingawa si kwa damu. Katika maneno yote tuliyoyapima, hili ndilo lililo karibu zaidi na wyrd, nalo ni la Kibantu tupu.

Hebu sasa tuitazame methali liandikwalo ndilo liwalo. Sehemu ya kwanza imo katika kauli ya kutendwa: kuna kalamu, na kuna mwenye kalamu. Sehemu ya pili haina mtenda. Methali imeziunganisha pande mbili zile zile ambazo mfasiri wa Boethius alihangaika kuziunganisha: mawazo ya Mungu ya tangu awali, na wyrd ambayo ni mawazo hayo yakiwa yametimia. Tofauti ni kwamba methali yasema mawili hayo ni kitu kimoja, ilhali mfasiri anaiweka wyrd chini ya mawazo ya Mungu kama mtumishi chini ya bwana wake. Hatudai kwamba mmoja alijifunza kwa mwingine. Twaona tu kwamba jamii mbili, zilipopokea dini yenye Mungu mmoja, zilikabiliwa na swali moja, na kila moja ikalijibu kwa sarufi iliyokuwa nayo.

Jambo hili laturudisha kwenye hoja tuliyoitaja katika utangulizi. Wako wanaosema kwamba Mswahili hakuwa na fikra yake juu ya majaliwa, kwa sababu maneno yake ni ya kukopa. Lakini Mwingereza naye husema fate na destiny, ambayo ni ya kukopa, na neno lake la asili amelifanya kuwa la vioja. Hakuna mtaalamu aliyewahi kuandika kwamba Waingereza walijifunza majaliwa kutoka kwa Wanormani. Ikiwa kipimo hicho hakitumiki Ulaya, hakifai kutumiwa kwetu. Isitoshe, Kiswahili kimelihifadhi liwalo likiwa hai.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba wyrd lilikuwa na maana ya tukio, ya jambo litimizwalo na Mungu, ya nguvu itwaayo watu katika ushairi, na ya imani iliyokanushwa na mhubiri. Mzizi wake, ‘kugeuka’, hautuchagulii hata moja kati ya hizo. Kwa mfasiri tungependekeza tukio katika nathari ya historia. Liwalo katika ushairi na katika tafsiri ya Boethius. Na ajali pale ambapo kifo ndicho kinachotajwa, mradi msomaji aonywe kwamba ni ajali kwa maana yake ya zamani. Ama wale madada watatu wa Macbeth, kuwaita wachawi ni kusema jinsi wanavyoonekana, na kuwaita madada wa ajabu ni kuwapa maana iliyozaliwa karne mbili baada yao. Shakespeare aliwapokea wakiwa wajuao liwalo, na tamthilia yote yategemea swali kama kulijua liwalo ndiko kunakomfanya Macbeth alitende. Mwanafunzi asiyejua historia ya neno hili atalikosa swali hilo. Na mwalimu anayeifasiri tamthilia kwa Kiswahili ana njia ya kulionyesha, kwa kuwa lugha yake inalo neno.